Vita vya Picha Namba Ishirini na Saba

Sogeeni, enyi wana wa Tetu na wa Mathira, ninyi mlioamka kukama ng'ombe kabla ya jogoo na bado mna matope ya shamba viatuni. Sogea nawe mkazi wa Nyeri mjini usiye na haraka, na mwenye haraka pia akae, kwa maana ninayokuja kuyasimulia hayajapata kutokea tangu ukumbi ule wa jamii uezekwe mabati, wala sitaraji yatokee tena mpaka mabati yale yaote kutu yaanguke. Nasimulia habari za mtu na karatasi. Nasimulia habari za Simeon Wamae wa Theuri, Mshika-Sindano, Mkanyaga-Cherehani, mzee wa kanisa kule Giakanja, ambaye Jumamosi moja asubuhi aliingia mnadani na suti ya kahawia na shilingi elfu saba, akapigana vita viwili juu ya kitu kimoja: vya kwanza na tajiri, vya pili na ulimi wake mwenyewe.

Nawe kikombe cha chai kilicho mbele yangu, nipe pumzi, maana sentensi za vita ni ndefu na mimi kifua changu si cha jana. Nilikuwepo. Nilikaa safu ya nne, nyuma ya kofia ya mama mmoja wa Othaya, kofia pana iliyonificha mengi. Niliyokosa kuyaona niliyasikia, na nisiyoyasikia nimeyauliza kwa wenyewe, kwa hiyo asije mtu kunisahihisha.

Kwanza mjue chanzo cha vita. Miaka mingi katika mtaa wa maduka pale Nyeri palikuwa na duka la vitambaa la Tulsidas, na nyuma ya kaunta ya duka hilo alikaa mkewe, Mama Champa, ambaye sisi sote tulimjua kama mwanamke wa kupima mita na kukata bila kukosea hata nusu inchi. Tulidhani tunamjua. Kumbe wateja walipopungua, mama huyo alikuwa akitoa karatasi chini ya kaunta na kuchora. Mlima na mawingu aliuchora kwa pasteli, zile chaki laini za rangi zinazoacha unga kidoleni. Watu wa barazani aliwachora kwa rangi za maji, kwa brashi nyembamba kama mkia wa panya. Kisha alizificha kazi zake katikati ya majora ya kitambaa, akaendelea kupima mita. Mwaka juzi alipofariki zilikutwa picha arobaini na nne, na wosia wa mistari mitatu: zinadiwe hapa hapa Nyeri, na pesa zote zinunue vitanda vya wodi ya watoto. Mjukuu wake Roshni, daktari wa meno kule Nairobi, akaja kuutimiza wosia huo.

Sasa, baraza la duka lile lilikuwa na fundi cherehani wake. Tangu kabla ya Uhuru alikuwa Theuri, mtu mrefu, mpole, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa wilaya. Theuri alipokufa mwaka wa sabini na tisa, mwanawe Simeon, akiwa na miaka kumi na minne na miguu isiyofika vizuri kwenye kanyagio, alikalia kiti kile kile mbele ya cherehani ile ile, na hajaondoka hapo mpaka leo.

Ijumaa, siku ya watu kuja kutazama, Roshni alimwita Simeon ashone mapazia ya kufunika madirisha, jua lisichome rangi. Picha zilikuwa zimening'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani, kama nepi za mtoto baada ya mvua. Shujaa wetu akawa anapima madirisha, futi ya kupimia shingoni, macho kwenye kazi, hadi alipofika chini ya namba ishirini na saba, na hapo mkono wake ukasimama. Karatasi haikuzidi ukubwa wa daftari. Chini iliandikwa kwa penseli: Fundi barazani, 1977. Ukuta wa kijani, cherehani nyeusi, mtu mrefu ameinamia kitambaa lakini uso ameuinua kidogo, kama aliyeitwa kutoka barabarani na anataka kujua ni nani. Alikuwa baba yake.

Hapa naweka utani kando kidogo, kwa sababu bila jambo hili vita vyote ni kelele. Nyumba ya Simeon haikuwa na picha ya Theuri hata moja. Iliyokuwepo, ya siku ya harusi, ililiwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Na kule Giakanja alikuwa hai bado mjane wa Theuri, Nduta, mwenye miaka themanini na sita, ambaye presha ya macho ilikuwa imemla upande mmoja na sasa inamaliza wa pili. Daktari alikuwa amesema wazi: Krismasi ikifika, mama hataona tena. Na Nduta hakulia wala kulalamika, ila jioni moja alimwambia mwanawe kwamba sura ya Theuri imeanza kumpotea, kwamba akiitafuta anapata kofia na mabega tu, na kwamba angependa amwone mara moja kabla taa haijazimwa. Mwana atafanya nini na ombi kama hilo? Simeon alikuwa amelibeba miezi minne kifuani bila kujua alitue wapi.

Mtasema, si angemwambia tu Roshni, apewe? Ninyi hamjui wazee wa kanisa. Kitu kilichokwisha kutengwa kwa ajili ya watoto wagonjwa ni sadaka, na mtu haombi kurudishiwa kilicho kwenye sahani ya sadaka, hata kama ni baba yake. Alimaliza mapazia, akaaga, akaenda nyumbani kukabiliana na Wakiuru.

Wakiuru, Mlinzi wa Mkoba, mkewe wa miaka thelathini na mitano, alisikiliza akiwa anamenya viazi. Wanaitana kwa jina la kifungua mimba wao, ambaye kwa desturi alirithi jina la babu. Jina alirithi, sura alichukua ya wajomba.

"Baba Theuri," alisema, "hiyo elfu saba ni ya pasi ya umeme. Tumeweka miaka mbili. Kila shati unapiga na pasi ya makaa inatoka na doa, watu wanaongea. Sasa ati unaenda kununua karatasi imepakwa rangi."

"Mama Theuri, ni baba."

"Baba gani?"

"Baba. Amekaa kwa hiyo karatasi vile alikuwa anakaa. Hata futi iko shingoni."

Wakiuru aliweka kisu chini. Akaenda chumbani, akarudi na bahasha, akaiweka mezani kati ya maganda ya viazi. "Enda na yote," alisema. "Na mimi nitakuja, juu wewe najua vile unabembelezwa."

Kukapambazuka. Ee siku ile! Majeshi yalikusanyika kutoka kila upande wa mlima: walikuja wa Karatina na vikapu vyao, maana walipitia sokoni, walikuja wa Othaya na kofia zao, walikuja wanafunzi waliodhani kuna chakula, na wazee waliojua kwamba kipo. Kila mmoja akapewa kadi yenye namba, ainue akitaka kununua, na robo saa ya kwanza tulizitumia kadi hizo kujipepea. Jukwaani alipanda Muriithi, Koo-la-Radi, mnadi wa majogoo ya kanisa kutoka Nanyuki hadi Murang'a, mkononi ameshika mwiko wa ugali wa kugongea meza. Roshni alikuwa amemchagua kwa kuambiwa kwamba hana mpinzani. Aliyemwambia hakumdanganya, ila hakumwambia yote.

Mkono wa Muriithi umezoea kushika jogoo kwa miguu. Aliponyanyua picha namba moja, mlima wakati wa machweo kwa pasteli, aliipangusa kwa upendo kama anayepangusa vumbi, na kilele chote cha Mlima Kenya kikahamia kwenye kidole gumba chake. Roshni akashika kichwa. Picha ikauzwa hivyo hivyo kama mlima wenye ukungu, na kwa kweli siku nyingi mlima uko hivyo.

Na adui alikuwa nani? Katika safu ya mwisho, kiti cha kando, alikaa Griffins, Simba wa Wang'uru, mwenye maghala, ambaye mchele wake mmeula hata kama hamjui. Alikuwa amejenga hoteli Sagana karibu na mto, vyumba ishirini, na alikuja kutafuta picha ishirini, moja kwa kila chumba, zote ziwe na kijani kwa sababu mapazia tayari yalikuwa yamenunuliwa. Alinunua kama mtu anayepakia lori. Ilipofika namba ishirini na sita alikuwa amechukua kumi na tisa, na alikuwa anatafuta moja tu.

Muriithi akainua namba ishirini na saba, safari hii kwa ncha za vidole. Ukuta wa kijani ukang'aa. Griffins akakaa wima. Simeon naye, safu ya pili, akameza mate hata mimi nikasikia.

"Fundi kwa baraza, rangi ya maji," Muriithi alitangaza. "Huyu fundi hachelewi na nguo ya mtu, tangu sabini na saba hajasimama. Nianze na mia tano."

Kadi ya Simeon ikapaa. Ikapaa ya Griffins. Elfu moja, ikajibiwa. Elfu mbili, ikajibiwa. Kadi zilipanda na kushuka kama majembe mawili katika shamba moja, na watu waligeuza shingo huku na huku hadi nyingine zikalia. Elfu tatu ilipopita Wakiuru alifumba macho. Elfu nne, alisema Griffins kwa sauti ya mtu anayeagiza soda. Elfu nne na mia mbili, alisema Simeon, na jasho lilikuwa limefika kwenye kola. Na hapo, wakati Simba anafungua kinywa kummaliza, simu yake iliita: lori lake lilikuwa limekwama tope huko Mwea, dereva anauliza aite trekta au asubiri jua. Griffins akageuka kuongea na tope.

"Mara ya kwanza. Mara ya pili." Mwiko ukapiga meza. "Imeenda kwa mzee Simeon."

Laiti ningeweza kuishia hapa, enyi wasikilizaji, na kuwaacha mwende mkafunge ng'ombe. Lakini kuna jambo kuhusu watu wetu, na nisipolieleza mtanihesabu mwongo. Katika makanisa yetu, Jumapili ya mavuno, kila mmoja huleta alichonacho, jogoo, kabeji, mkungu wa ndizi, na vitu hivyo hunadiwa madhabahuni. Anayenunua hulipa, kisha kwa sauti ya kusikika na wote husema: nimerudisha, inadiwe tena. Jogoo hununuliwa na kurudishwa, hununuliwa na kurudishwa. Pale Giakanja jogoo mmoja aliwahi kuuzwa mara kumi na moja katika ibada moja, na alipofika kwa mchungaji hakuwa na nguvu ya kuwika. Kwenda nyumbani na ulichonunua ni aibu. Watu watauliza kama ulikuja kanisani ama sokoni. Kwa miaka arobaini Simeon, mzee wa mfano, alinunua majogoo thelathini na moja, kabeji zisizohesabika na kibuyu kimoja cha uji, na hakuwahi kubeba hata jani.

Basi aliposikia mwiko, na jina lake, na makofi, alisimama kama anavyosimama siku zote, akatoa pesa, akampa Muriithi, akaipokea picha, akaiinua juu kwa mikono miwili, na ulimi wake, farasi mzee anayejua njia ya nyumbani bila kuongozwa, ukasema:

"Kwa jina la Bwana, nimeirudisha. Inadiwe tena."

Tulipiga makofi. Nakiri, hata mimi nilipiga, kwa mazoea. Makofi ya kilo, Muriithi akaomba, tukampa ya kilo mbili. Simeon akarudi kuketi akitabasamu tabasamu la mtu aliyetenda haki, na tabasamu hilo lilikuwa bado usoni pake alipogeuka akakutana na macho ya Wakiuru.

Sitaeleza macho yale. Mwenye ndoa anajua.

"Baba Theuri," alisema polepole, "umefanya nini?"

Simeon akatazama jukwaani. Baba yake alikuwa ameshikwa tena na Muriithi, anauliza barabarani ni nani anayemwita. Mikono ya shujaa wetu ikaanza kutafuta kitu cha kushika, na nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu aliyevaa suti.

Roshni naye alikuwa amesimama, karatasi ya kanuni mkononi. "Bwana Muriithi, samahani, hapa nimepotea. Mzee amelipa. Halafu haitaki?"

"Daktari," Muriithi alimjibu, akajaza kifua, "anaitaka sana. Wewe ni mtu wa Nairobi, acha nikufunze. Huku kwetu mtu akipenda kitu kabisa kabisa, anaipeana. Ndio maana hii mlima haijaanguka. Mimi nimeuza kuku kwa hii kaunti miaka ishirini na mbili, na ukinipa mzee wa kurudisha kama huyu, nitakujazia hiyo wodi vitanda mpaka watoto wachague. Kitu imerudi, imerudi. Hakuna kuirudisha kutoka kurudi. Nianze tena."

Na Griffins alikuwa amemaliza na tope. Akainua kadi kabla mwiko haujatulia. "Elfu tatu," alisema.

Katika bahasha ya Simeon zilibaki elfu mbili na mia nane. Hapo ndipo wengi wangeinama wakatoka nje kwa mlango wa nyuma, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini Mshika-Sindano alisimama. Alivua kofia, akaishika kifuani, na akasema maneno ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema, maana sina mazuri zaidi.

"Watu wa Nyeri, mimi nimekosea. Mimi niko na mdomo ya kanisa. Imesema nimerudisha kabla roho haijajua inasema nini. Huyo mtu mnaona kwa picha si fundi tu. Ni Theuri, baba yangu. Alikufa nikiwa darasa la saba. Nyumbani hatuna picha yake, ile ilikuwa mchwa ilikula. Mama yangu ako na miaka themanini na sita, na macho daktari amesema ni mpaka Krismasi. Ameniambia anataka kumwona mara moja. Siombi nipewe kitu ya watoto wagonjwa. Hiyo siwezi. Niko na elfu mbili na mia nane, na nimeona niseme, ndio mjue ni kwa nini mzee mzima anang'ang'ania karatasi. Nimemaliza."

Sufuria ya chai ilichemka jikoni, hakuna aliyekwenda kuiepua. Roshni alikuwa akiitazama picha kana kwamba imebadilishwa. Muriithi, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, alikosa la kusema.

Griffins alisimama pia, maana hotuba hujibiwa kwa hotuba. "Mzee, pole sana. Si mchezo. Lakini hata mimi niko na shida yangu. Niko na vyumba ishirini na picha kumi na tisa. Mgeni wa chumba ya ishirini akiona ukuta wazi, ataniuliza yeye amenikosea nini. Na kijani kama hii sijaona ingine. Wacha tushindane kama wanaume, na watoto wapate vitanda. Elfu nne." Akaketi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu ambaye amezoea hesabu kutimia.

Ndipo Wakiuru akainuka. Ee Mlinzi wa Mkoba, nani atakusifu ipasavyo! Hakutoa hotuba. Alifika safu ya tatu, akamwambia yule mama wa Othaya, "Mama, niazime hiyo kofia," akaivua mwenyewe kabla ya kujibiwa, na hapo kwa mara ya kwanza siku ile nikaona ukumbi wote. Akaigeuza juu chini. Akatumbukiza mia mbili, nauli yao ya kurudi Giakanja. Kisha akaanzisha wimbo wa matoleo, ule ambao kila mtu wa upande huu anaujua tangu mgongoni kwa mama yake, na akaipitisha kofia.

Enyi mliopitia makanisa yetu, mnajua ule wimbo hufanya nini kwenye mkono wa mtu. Hauombi ruhusa. Mama wa Othaya alitoa mia, ingawa kofia ni yake. Wa Karatina walitoa noti za viazi. Mimi nilitoa hamsini niliyokuwa nimeiwekea soda, na ninasema hivyo si kwa majivuno. Kofia ilienda safu kwa safu, wimbo ukapanda ubeti wa pili, watu wakaanza kuyumba kidogo. Na ilipokaribia mwisho Wakiuru, aliyekuwa akihesabu kwa macho, alijua kwamba pamoja na za bahasha zimefika elfu tatu, mia tisa na hamsini. Kumebaki hamsini kumfikia Simba, na kilichobaki ni kiti kimoja, nacho kimekaliwa na Simba.

Kofia ikafika mbele yake. Griffins alikuwa amefumba macho, anaimba sauti ya nne, na alikuwa na sauti nzuri, sikatai. Mkono wake wa kulia, mkono uliokuwa umefanya jambo lile lile kila Jumapili tangu Shule ya Jumapili, ukaenda mfukoni, ukatoa noti ya elfu moja, ukaiangusha ndani ya kofia, ukarudi kifuani. Ubeti ukaisha. Akafumbua macho.

"Elfu nne, mia tisa na hamsini kwa mzee Simeon," Muriithi alitangaza, na sauti yake ilikuwa imerudi na jamaa zake wote. "Bwana Griffins, unaongeza?"

Griffins aliutazama mkono wake. Aliutazama kwa muda, ndani na nje, kama mtu anayemtazama mfanyakazi wa zamani aliyemwamini. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, baadaye tumbo zima.

"Niongeze juu ya nani?" alisema. "Hiyo elfu ni yangu. Siwezi kupigana na pesa yangu mwenyewe. Mpeni mzee baba yake. Chumba ya ishirini nitaweka kioo, mgeni ajiangalie."

Mwiko ukapiga meza mara ya pili kwa picha ile ile.

Lakini msiinuke bado. Vita vikubwa vilikuwa hivi vinavyokuja. Simeon alipanda jukwaani, akaipokea picha, na Muriithi, ambaye ni mwema lakini ni mtumwa wa kazi yake, akamgeukia kwa tabasamu la miaka ishirini na mbili ya majogoo.

"Mzee," alisema, "sisi tunajua roho yako. Na leo umechangiwa na kila mtu. Unasemaje? Unairudisha?"

Na sisi, kizazi kisicho na akili, tukaanza kupiga makofi. Mnaona mtego? Picha ilikuwa imenunuliwa kwa pesa zetu sote. Aliyechangiwa akakataa kutoa, jina lake litazungumzwa kwenye harusi na matanga mpaka wajukuu. Mikono ya Simeon ilianza kupanda na picha, polepole, kama siku zote. Midomo ikafunguka. Niliuona ulimi ukisogea, nasema niliuona, maana kofia haikuwepo. Na hapo shujaa wetu, Mkanyaga-Cherehani, ambaye hajawahi kumkatalia mchungaji, wala mwenyekiti, wala mteja anayetaka suruali kesho, aliuma ulimi wake kwa meno yote aliyobaki nayo. Akashusha mikono. Akaibana picha kifuani.

"Hapana," alisema. "Hii naenda nayo nyumbani."

Sijui kama katika historia ya kaunti neno hilo limewahi kusemwa na mzee wa kanisa mbele ya mnadi. Kisha kutoka katikati ya ukumbi Wakiuru alipiga vigelegele, akavihesabu vitano kamili, idadi ambayo mama zetu humpigia mtoto wa kiume anapozaliwa, na ukumbi wote ukasimama. Roshni alilia waziwazi na hakujifuta. Baadaye alisema bibi yake hakuwahi kumwambia jina la mtu yeyote aliyemchora, akaomba aandikiwe, na Simeon akaandika nyuma ya karatasi kwa penseli ya ushonaji: Theuri wa Wamae.

Walipotoka manyunyu yalikuwa yameanza, yale membamba ya Nyeri yasiyoonekana mpaka uwe umelowa, na rangi za maji zikikutana na maji huwa zinakumbuka asili yao. Shujaa alivua koti la suti ya kahawia akamfunga baba yake ndani, akapanda bodaboda pamoja na Wakiuru kwa mkopo wa mdomo, na akafika Giakanja amelowa kama jani la sukumawiki, koti likiwa kavu kwa ndani.

Nduta alikuwa ameketi mlangoni, pale ambapo mwanga ni mwingi. Simeon alipiga magoti, akafungua koti, akamwekea picha mkononi. Bikizee aliisogeza karibu na jicho lile lililobaki, akaisogeza mbali, akaigeuza kidogo kufuata mwanga. Wakiuru alianza kusali kimoyomoyo kwamba isije ikawa wamechelewa.

"Ni yeye," Nduta alisema mwishowe. "Amekonda. Hao watu wa duka hawakuwa wanampatia chai?" Akapitisha kidole hewani juu ya uso ule, asiuguse. "Hivi ndivyo alikuwa anaangalia mimi nikipita barabara na maji. Nilikuwa nimesahau hivi."

Simeon akashindwa kujizuia, akamwungamia yote, jinsi alivyomshinda tajiri, jinsi ulimi ulivyomponza, jinsi alivyomrudisha baba yake mnadani mbele ya watu. Akasema amefanya aibu.

Nduta alicheka, kicheko kidogo cha msichana, macho hayajaondoka kwenye karatasi. "Wewe umemrudisha mara moja," alisema. "Mimi nilimrudisha mara tatu kabla nikubali anioe. Huyu hakasiriki. Anakuja tena."

Basi waandishi waandike, na wasiojua kuandika wawasimulie watoto wao: kwamba katika zama zetu mtu wa Giakanja alinunua kitu mnadani akaenda nacho kwao, na mlima haukuanguka, na kwamba jioni ile Theuri fundi alirudi nyumbani kutoka kazini, amechelewa miaka arobaini na sita, akamkuta mkewe bado anaona.